Yaya, mudogo wangu miguu imekufa na familia inataka tumutoe lopitali

Yaya jambo sana,

Niko naandika usiku, niko hapa lopitali karibu na kitanda ya mudogo wangu mwanaume. Ana miaka 20, ni mwanafunzi, hakuwahi kulazwa toka utoto. Kitambo kidogo alipata homa na mafua, tukamupa parasetamoli ikaisha, tukasahau. Kisha siku moja asubuhi akasema mugongo unauma katikati ya mabega na miguu inawaka, tena kama kuna mukaba umemufunga hapa chini ya kifua unakaza. Mangaribi miguu ikawa mizito. Kesho yake akaanguka akienda choo, na mukojo ukakataa kutoka, tumbo likavimba anapiga kelele. Kwa santre ya karibu na kwetu hapa Katuba, Lubumbashi, balisema ni malaria na tifoidi, bakamutia serumu, siku mbili zikapotea hivyo. Njo tukakuja kwa lopitali kubwa, bakamutia sonda (mupira wa kutoa mukojo), mukojo ulitoka mwingi mpaka mimi mwenyewe nikashangaa.

Hapa docta anasema ni mielite, kamba ya ndani ya mugongo imewaka. Skaneri haikuonyesha kitu. Tulichanga familia yote tukafanya IRM (picha ya mashini ya sumaku), balisema kuna doa refu lenye kupita urefu wa mifupa mine ya mugongo. Bamemupa kortizoni ya mushipa siku tano, imeisha. Sasa anaweza kutikisa kidole gumba cha muguu wa kushoto, ni hicho tu. Bamechukua damu, kuna tesiti moja imetumwa inje tunangojea. Balitaka pia kumuchoma sindano ya mugongo kutoa maji, uncle akakataa mbele ya banganga bote, anasema hiyo sindano njo inalemaza batu, anamujua mutu moja.

Sasa uncle amefanya kikao. Anasema kortizoni imeshindwa, hii si ugonjwa ya lopitali, ni shangazi yetu wa Likasi alimutupia uchawi juu ya maneno ya parcelle (kiwanja). Anataka tusaini tumutoe, aende kwa chumba ya maombi, kisha Kasenga kwa munganga wa kienyeji. Jirani yeye anasema ni muhogo tuliokula. Mama analia tu, anataka kuuza mashini yake ya kushona. Mudogo mwenyewe hasemi kitu, anageuza uso kwa ukuta. Yaya, atatembea tena? Tumutoe ao tumuache?

Dada mukubwa, Katuba

*

Dada yangu mpenzi,

Jibu naliweka hapa juu kabisa, ili hata kama uncle atasoma mistari mitatu peke yake asome hii: musimtoe lopitali. Kortizoni haijashindwa. Siku tano za kortizoni ni mwanzo wa matunzo, na kidole kinachotikisika kabla hata ya mwezi kuisha ni habari nzuri, mimi nilipofika pale kwenye barua yako nilifurahi sana. Hakikisha tu kitu kimoja, umwambie "tikisa" halafu "acha", umwone anatii. Kikitii ni kwamba amri ya kichwa inapita mpaka chini, hata kama inapita kidogo. Mwambie docta leo, aandike kwenye fishi.

Sasa tuelewane nini kimempata. Ndani ya mifupa ya mgongo kuna kamba ya mishipa ya fahamu, inatoka kwenye ubongo inashuka mpaka karibu na kiuno. Fikiria waya mnene wa umeme wenye nyuzi nyingi ndani, kila uzi na ngozi yake. Kwa mielite sehemu moja ya huo waya inavimba, ngozi ya nyuzi inaliwa, saa zingine nyuzi zenyewe zinaumia, na kila kitu kilichoko chini ya pale kinapoteza mawasiliano: miguu, kibofu, haja kubwa, hisia za ngozi. Ule mkaba anaosikia chini ya kifua ndio unaonyesha banganga uvimbe uko kwenye urefu gani. Na mkojo uliokataa ndio ulipaswa kuwashtua wale wa kwanza, kwa sababu malaria haifungi kibofu na kulegeza miguu yote miwili namna hiyo. Nasema hii kwa wote wanaosoma: mtu akipoteza nguvu ya miguu na mkojo ukafungika ndani ya saa au siku chache, ni urgence, hakuna kungojea kesho, hakuna serumu kwanza.

Aliyeanzisha uvimbe ni nani? Mara nyingi ni kinga ya mwili yenyewe. Inaamka kupigana na virusi, kama ile homa na mafua yaliyotangulia, kisha inakosea njia inapiga kamba ya mgongo. Inaweza kuwa hivyo kwa mudogo wako lakini haitoshi kukisia, juu mielite ni jina la kile kilichotokea, na sababu zake ni nyingi na kila moja ina dawa yake. Kuna virusi kama vya tetekuwanga na herpesi, kuna UKIMWI, kuna kaswende, kuna kifua kikuu, kuna lupus (kinga inapiga mwili wenyewe), kuna sklerosi (kinga inakula ngozi ya mishipa ya fahamu). Kuna pia bilharzia, na hapa kwetu lazima tuiseme kwa sauti: mayai ya yule mdudu yanaweza kufika kwenye kamba ya mgongo, na dawa yake, prazikwanteli pamoja na kortizoni, si ghali kama mashini ya mama. Kama mudogo aliwahi kuogelea au kuvua samaki Kasenga kwenye Lwapula, ao ziwa lolote, mwambie docta hata kama hajakuuliza.

IRM mliyofanya, pesa yenu haikupotea. Skaneri inaona mifupa vizuri lakini kamba yenyewe inaiona vibaya, ndiyo maana haikuonyesha kitu. IRM kazi yake ya kwanza ni kutazama kama kuna kitu kinachoifinya kamba kwa nje, kwa mfano kifua kikuu cha mifupa ya mgongo, usaha, ama kinundu kinachokua (tumeri), kwa sababu hapo inaweza kuhitajika operesheni na mambo yote yanageuka. Kwake hawakuona hicho, waliona doa ndani ya kamba. Na kuhusu urefu wa mifupa mine: doa likifika mifupa mitatu na zaidi, banganga wanafikiria sana ugonjwa mmoja unaopiga kamba ya mgongo na mishipa ya macho, ambao tangu mwaka 2004 damu yake inaweza kupimwa. Nadhani hiyo tesiti mliyotuma inje ndiyo yenyewe, ya antikorpu (silaha za kinga ya mwili) zinazoitwa akwaporini 4, na mara nyingi wanaomba pamoja na nyingine inayoitwa MOG. Hiyo karatasi msiipoteze, msiache kuifuatilia, ina uzito kuliko vikao vyote vya familia. Ikiwa ni ndiyo, ugonjwa huo una tabia ya kurudi, na kila ukirudi unaacha ulemavu mwingine, kwa hiyo atahitaji dawa za kutuliza kinga kwa miaka, kama azatioprini ama rituksimabu, hata akiwa ameshaanza kutembea. Ikiwa ni hapana, uwezekano wa kurudi unapungua. Mulize pia mwenyewe, kwa upole, kama aliwahi kupoteza kuona kwa jicho moja na kuumwa nalo, ama kama aliwahi kupata kwikwi au kutapika siku nyingi bila kukoma. Watu wanaona kwikwi ni kitu cha kuchekesha, kumbe kwa ugonjwa huu ni alama.

Sindano ya mgongo. Uncle ana woga ambao karibu kila familia ya hapa inao, na simdharau, lakini tumweleze. Kamba ya mgongo inaishia karibu na mfupa wa kwanza ama wa pili wa kiuno. Sindano inaingia chini ya pale, kati ya mfupa wa tatu na wa nne ama wa nne na wa tano, mahali ambapo kuna maji na mishipa inayoelea, kamba yenyewe haiko tena. Baada yake kichwa kinaweza kuuma siku chache, mgongo unauma kidogo pale walipochoma, hayo ni ya kweli. Yule mtu anayemjua uncle, inawezekana kabisa aliletwa miguu imeshalegea, ndiyo maana akachomwa, na watu wakaunganisha mambo kinyume. Maji yale yanaonyesha kama kuna uvimbe, kama kuna kifua kikuu, kama kuna virusi. Kama docta bado anayahitaji, mudogo ana miaka 20, ni mtu mzima, yeye ndiye wa kukubali ao kukataa. Mumuulize yeye.

Juu ya muhogo, jirani hajasema upuuzi. Kuna ugonjwa unaoitwa konzo, daktari mmoja Trolli aliuandika mwaka 1938 kule Kwango, unatoka kwenye muhogo mchungu usiolowekwa siku za kutosha pamoja na chakula kisicho na protini, na unashika miguu ghafla. Lakini konzo inakaza miguu, inakuwa kama miti, hisia za ngozi zinabaki na mkojo kwa kawaida unatoka vizuri. Mudogo wako miguu ililegea, mkaba kifuani, mkojo ulifungika. Haifanani.

Na shangazi wa Likasi. Dada, nakuomba kama ninavyoweza kumwomba mtu ambaye simwoni usoni: usiruhusu jina la huyo mama litajwe tena karibu na hicho kitanda. Uvimbe umeonekana kwenye picha, umeandikwa urefu wake, na unaotokea kwa watoto wa matajiri wa Ulaya ni huo huo. Maneno ya parcelle yamalizwe na wazee mahali pengine. Tumeshaona hapa kwetu mama wazee wanafukuzwa kwenye nyumba zao juu ya maneno kama hayo, na mgonjwa hakupona hata kidogo. Maombi hayakatazwi, pasta anakaribishwa aje lopitali aombee pale kando ya kitanda, hata kila siku. Kitu kibaya ni kumlaza mtu asiyesikia miguu kwenye simenti ya chumba cha maombi, halafu kumpakia gari mpaka Kasenga, halafu chale na maji ya moto na mawe ya kukanda. Ngozi yake haisikii! Mbabula ikiwekwa karibu ili apate joto, miguu itaungua na yeye atakuwa anaongea nanyi bila kujua.

Hapo nimefika kwenye kitu ambacho nataka ukishike kuliko yote, kwa sababu docta hawezi kukufanyia, ni wewe na mama mnaolala pale. Kamba inahitaji muda wa kujitengeneza, na katika huo muda kinachoua watu ni vidonda vya kulala, mkojo wenye vijidudu na damu inayoganda kwenye mguu. Nimewaona vijana ambao mishipa yao ilianza kurudi, wakaondoka kwa sababu ya kidonda cha matako ambacho kingeweza kuzuiwa na mikono ya watu wawili. Basi mgeuze kila saa mbili, mchana na usiku, pangeni zamu, wale wajomba wanaokuja kikao nao wapewe zamu. Kila asubuhi tazama matako, nyonga, vifundo na visigino kwa mwanga mzuri. Ukiona pekundu, ao kwa ngozi yetu pamekuwa peusi zaidi na pana joto, na hapageuki ukipabonyeza, basi pale hapalaliwi tena mpaka patulie. Weka mto chini ya muguu ili kisigino kielee hewani. Ile duara ya mpira ya kukalia, watu wanaipenda, muiache, inabana damu pembeni. Shuka likauke kila saa, hakuna makunyanzi, hakuna makombo ya mkate.

Sonda isiachwe miezi kama imesahauliwa. Waombe wainfirmie wakufundishe kuingiza ya muda na kutoa, kila saa nne ama sita, mikono imeoshwa na sabuni, na baadaye mudogo ajifunze kufanya mwenyewe, vijana wanajifunza haraka. Mkojo ukinuka, ukawa na ukungu, homa ikapanda, ao miguu ikaanza kukaza bila sababu, ni mkojo wa kupima. Haja kubwa ipewe saa yake, kila siku baada ya kula asubuhi, tumbo linakuwa limeamka, papai na maji ya kutosha vinasaidia. Muguu mmoja ukivimba peke yake ao pumzi ikamkatika ghafla, kimbia kumwita docta saa ile ile.

Ikiwa siku zinapita na hakuna kinachoongezeka zaidi ya kidole, muulize docta kuhusu kusafisha plazma ya damu, damu inapitishwa kwenye mashini na zile antikorpu zinatolewa, mara tano mpaka saba, siku moja ndani siku moja nje. Haipatikani kila mahali na ni ghali, najua, wengine wa hapa Lubumbashi wanavuka Kasumbalesa kutafuta matunzo Zambia. Kama mtafika huko, muende na barua ya docta na picha zote za IRM mkononi, godoro ndani ya gari, na musimame njiani kumgeuza. Lakini musiuze mashini ya mama kabla docta hajasema wazi kwamba kwake inaweza kusaidia na kwamba huko iko kweli, mupige simu kwanza. Muulize pia kama kabla ya kortizoni alipewa dawa ya minyoo, ivermektini ama albendazoli, kwa sababu kuna mnyoo mmoja wa kwetu unaolala tumboni miaka na kortizoni inauamsha vibaya. Na kama anaendelea na vidonge vya kortizoni nyumbani visikatwe siku moja, vinapunguzwa polepole kama docta alivyoandika, na sukari na presha vinapimwa.

Atatembea? Nitakwambia vile ilivyo. Kwa mielite karibu theluthi moja ya wagonjwa wanarudi vizuri, theluthi nyingine wanatembea lakini na shida inayobaki, fimbo ya kutembelea ao mkojo unaosumbua, na theluthi ya mwisho wanabaki na ulemavu mkubwa. Kupona kunaanza mara nyingi kati ya juma la pili na la kumi na mbili, kunaweza kuendelea mpaka miaka miwili. Wale ambao miezi mitatu ya kwanza haileti kitu chochote ndio tunaogopea zaidi. Wenu ameshaanza kuleta. Kine (mazoezi ya viungo) ianze sasa hivi, hata akiwa kitandani, viungo vyote vikunjwe na kunyoshwa kila siku, msaidizi wa kine awaonyeshe na nyinyi muendelee jioni, vinyama vikishakaza kurudisha ni vita. Baada ya muda miguu inaweza kuanza kuruka yenyewe usiku. Musishangilie kwamba amepona wala musiseme ni pepo, ni mishipa isiyopata amri, kuna dawa, baklofeni. Na ile kuungua miguuni parasetamoli haiiwezi, kuna amitriptilini ama gabapentini, aseme maumivu yake kwa docta asivumilie kimya.

Huko kugeuza uso kwa ukuta nako kutibiwe. Mtu wa miaka 20 amelala anasikia watu wanabishana juu ya mwili wake, anawekewa pampasi na dada yake, anajiuliza kama ataoa. Fukuzeni kikao chumbani. Mwambie majibu niliyokupa hapa, yote, hata yale ya theluthi tatu, usimfiche. Umuulize anataka nini, rafiki zake wa auditoire (darasa la chuo) waje, simu yake ipate unité. Mambo ya mwanaume ayaulize kwa docta akiwa peke yake, yana msaada. Akianza kusema afadhali afe, ao akikataa kula, hiyo pia ni ya kuambia docta siku ile ile.

Kesho wakati wa visite umuulize docta mambo matatu: tesiti ya damu imefika wapi na nani anaifuatilia, kaswende na UKIMWI na bilharzia vimepimwa, na kama nguvu ya misuli haiongezeki mpaka juma lijalo tunafanya nini. Andika majibu kwenye kaye. Karatasi ya akwaporini ikitoka niandikie haraka iwe ndiyo iwe hapana, na umpe uncle hii barua aisome mwenyewe, kama ana swali anitumie, nitamjibu kwa heshima.

Yaya wako